Mizizi Miwili Mdomoni mwa Urbain

Urbain hakuwa mtu wa kukaa. Kanisani kwao Sydenham, mtaa mmoja wa Durban, watu walimwachia kiti cha pembeni karibu na mlango, kwa sababu walijua mahubiri hayatafika katikati kabla hajatoka nje kutazama gari lililofunga breki, kisha kutoka tena kutazama kama mvua inakuja. Mkewe, Marie-Jeanne, msusi katika saluni moja ya Overport, aliwaambia wateja wake kwamba ameolewa na feni. Kitu kimoja tu kilimtuliza mumewe, nacho ni tarumbeta. Akishaliweka mdomoni, miguu ilisimama, macho yalifumba, na mabega yaliyokuwa yakicheza tangu asubuhi yalishuka mahali pake.

Kwa hiyo Jumamosi moja ya Februari, bendi ya kanisa ilipokuwa ikifanya mazoezi ya nyimbo za Pasaka, wenzake walishtuka kumwona anashusha tarumbeta katikati ya ubeti na kulikumbatia kifuani.

Yvette, aliyepiga tarumbeta la pili, akamgeukia, akamwita kwa jina la binti yake. "Papa Deborah, iko nini?"

"Haiko kitu. Endeleeni tu."

Waliendelea, yeye akatoka nje. Aliuegemea ukuta wa kanisa akapeleka ulimi upande wa kulia, juu, jirani na chonge. Jino likacheza. Lilicheza kidogo sana, kama kitasa kinachoanza kulegea, lakini jino lile halikupaswa kucheza hata kidogo, maana hakuzaliwa nalo. Lilikuwa kofia ya kauri iliyofungwa juu ya mzizi wa chuma, na mzizi wenyewe ulikuwa umezama katika mfupa wa taya yake kwa miaka kumi na minne. Upande wa kushoto alikuwa na mwingine kama huo. Akaujaribu na wenyewe kwa ulimi. Huo ulikuwa imara kama nguzo.

Akazunguka kanisa mara kadhaa, kisha akaenda nyumbani kwa miguu bila kuaga, tarumbeta kwapani.

Urbain alizaliwa Uvira. Tarumbeta alijifunzia kwenye fanfari, bendi ya matarumbeta ya parokia, na vita vilipowatawanya watu alishuka polepole kupitia Tanzania na Msumbiji mpaka akafika Durban. Bandarini alipata kazi ya kufunga makontena juu ya meli kwa vyuma virefu, vizito. Siku moja chuma kimoja kilimponyoka mwenzake aliyekuwa juu, kikampiga Urbain upande wa kulia wa mdomo. Akaanguka, na upande wa kushoto ukakutana na ukingo wa sitaha. Alipopata fahamu, meno mawili ya juu yalikuwa yamekwenda, moja huku, moja huku.

Mtu asiyepiga tarumbeta angeshukuru kwamba alipona. Urbain alishukuru pia, lakini mwezi wa kwanza tu. Midomo ya mpiga tarumbeta inahitaji ukuta nyuma yake, na ukuta wake ulikuwa umetobolewa pande mbili. Alijaribu meno ya kuvaa na kuvua, yakateleza kila alipopuliza. Akaliweka tarumbeta juu ya kabati. Tangu hapo akawa mtu wa kutembea. Alitoka asubuhi bila safari, akarudi vumbi limemjaa miguuni, na binti yake Deborah, aliyekuwa bado mdogo, alijifunza kumtazama baba uso kwanza kabla ya kumsemesha.

Aliyemtoa huko alikuwa Josias, rafiki yake wa tangu Uvira, ambaye naye alipoteza meno katika ajali ya taxi. Josias alisikia kwamba kliniki moja ya kufundishia madaktari wa meno inatafuta watu wenye pengo kulia na pengo kushoto. Wakaenda pamoja. Daktari mzee mwenye nyusi nyeupe aliwaeleza taratibu, na Josias, aliyejua Kiingereza zaidi, akawa anamfasiria mwenzake.

Kila mtu angewekewa mizizi miwili ya titani. Uso wa mmoja ulikuwa umekwaruzwa kwa asidi ili mfupa upate pa kushika. Mwingine ulikuwa umepakwa tabaka la madini yanayofanana na ya mfupa wenyewe, ili taya iupokee kama ndugu. Madaktari walitaka kujua, baada ya miaka mingi, ni upi unaodumu.

"Muulize, upi ni wa kulia na upi wa kushoto," Urbain alimwambia Josias.

Mzee alitabasamu. Alisema hatawaambia, na kwamba hata yule atakayewapima hatajua. Mtu akijua ana mzizi bora upande mmoja, atautunza huo na kuusahau mwingine, na wao watakuwa wamepima mapenzi yake badala ya kupima mizizi.

Mfupa ulishika. Baada ya miezi kadhaa wakafunga kofia juu ya mizizi, na Urbain akalishusha tarumbeta kutoka kabatini. Kwa miaka mitano alirudi kliniki kila mwaka kupigwa picha. Kisha daktari mzee akastaafu, utafiti ukafungwa, na hakuna aliyemwita tena. Yeye alikuwa ameshaacha bandari, anaendesha foklifti katika ghala moja la Mobeni, na kwa kuwa meno hayakumuuma alisahau kwamba aliwahi kuahidi kutazamwa.

Mpaka Januari ya mwaka huu, mwanamke mmoja alipompigia simu. Alizungumza Kiswahili cha Kenya, safi na cha haraka. Alisema anaitwa Dokta Kerubo, ameuchukua utafiti ule wa zamani, na anawatafuta wote waliowekewa mizizi ili aone ya nani bado ipo. Urbain alisema atakuja, akakata simu, na tangu siku hiyo hakuipokea namba ile.

Sasa jino limecheza, na simu ile ikawa inamwasha kama mwiba wa samaki kooni.

Jumatatu, saa ya chakula, alimfuata Josias. Naye alifanya kazi Mobeni, kiwanda cha tatu kutoka ghala lao, na mara nyingi walikula pamoja kwenye ukingo wa barabara nje ya geti. Urbain hakula. Alisimama, akakaa, akasimama.

"Lile la kuume limeanza kulegea," alisema. "Na wale watu wa kliniki wananitafuta. Wewe hawajakuita?"

Josias alitafuna polepole, kiganja kikiwa mbele ya mdomo, kama alivyozoea siku hizi. "Waliniita. Sikujibu."

"Kwa nini?"

"Usiende, Urbain. Wale wakishapata wanachotaka hawakujui tena. Utaingia na meno, utatoka na pamba."

Maneno hayo ndiyo Urbain aliyoyaogopa, na kuyasikia kutoka kwa mwingine kuliyatia uzito. Tangu siku hiyo akaacha kabisa kutafunia upande wa kulia. Nyama, mahindi, hata mkate, vyote alivipeleka kushoto, kwenye mzizi aliouamini. Mazoezini alipuliza kwa nusu ya pumzi. Kwenye taxi ya kurudi nyumbani alishuka vituo viwili kabla, kwa sababu hakuweza kukaa na ulimi wake mwenyewe katika kiti kimoja.

Marie-Jeanne alimvumilia wiki mbili. Asubuhi moja, akimwekea chai, alisema, "Papa Deborah, unasaga meno ukilala."

"Mimi?"

"Wewe. Unasaga kama mtu anatafuna mchanga. Siku hizi imezidi. Mimi nasikia, wewe husikii. Utaenda kwa yule dokta au nimpigie mimi?"

"Atalitoa."

"Kama ni la kutoka litatoka tu, hata ukilikimbia. Lakini sisi wengine tunaishi na wewe humu ndani. Umekuwa tena kama wakati ule."

Hakutaja wakati upi. Deborah, ambaye sasa alikuwa mwanamke mzima na alikuja kuwasalimu kabla ya kwenda kazini, aliinama kwenye simu yake akijifanya hasikii. Urbain alimtazama binti yake jinsi alivyoinama, akaiacha chai bila kuimaliza, akavaa viatu.

Kliniki ilikuwa imepakwa rangi mpya tangu aende mara ya mwisho. Walimkalisha kwenye benchi, wakamwambia asubiri kidogo. Nyuma ya mlango mashine ilianza kulia, ile sauti nyembamba ya kuchimba, na mtu akakohoa kwa maumivu. Urbain aliinuka kana kwamba ametajwa jina, akashuka ngazi, akatoka mlangoni. Alipofika kwenye robot, zile taa za barabarani, ya waenda kwa miguu ilikuwa nyekundu, magari yakipita moja baada ya jingine. Hapo ndipo alipofikiwa na mwanamke mfupi mwenye koti jeupe na viatu vya mpira, akihema.

"Wewe ndiye Bwana Urbain?"

"Ndiye. Lakini niko naenda."

"Naona, na sikuzuii. Mimi ni Kerubo. Ninaomba tu uniambie ni jino gani linalokusumbua, nisibaki na swali."

"La kuume. Linacheza. Nikiingia mule mtalitoa."

"Baba, siwezi kutoa kitu ambacho sijakiona. Na kama linacheza, litacheza hata ukivuka barabara."

Taa ikageuka kijani. Watu wakavuka, wakimpita huku na huku. Urbain alibaki amesimama, akitazama upande wa pili kama mtu anayetafuta duka lililohama. Taa ikarudi kuwa nyekundu.

"Mimi napiga tarumbeta," alisema.

"Sikujua hilo. Njoo uniambie ukiwa umekaa."

Alikaa, ingawa miguu yake ilikuwa ikigonga kiti muda wote. Kerubo alilishika jino la kulia kwa vidole viwili, akalitikisa, akapiga picha upande huo, kisha upande wa kushoto. Akazileta picha kwenye skrini mbele yake.

"Tazama hapa. Huu ndio mzizi wako wa kulia, na hii nyeupe pande zote ni mfupa. Umeushika mpaka shingoni. Kilicholegea ni skrubu inayofunga kofia juu ya mzizi. Unasaga meno ukilala?"

"Mama Deborah anasema hivyo."

"Amesema kweli. Skrubu nitaikaza leo, na nitakutengenezea kinga ya kuvaa ukilala."

Urbain alicheka. Kicheko kilimtoka bila kukiita, na kwa mara ya kwanza tangu Februari miguu yake ikatulia. Ilimchukua muda kidogo kuona kwamba Kerubo hacheki.

"Sasa tuangalie kushoto," alisema.

"Kushoto haiko shida. Kushoto ndiko nakula."

Kerubo alipitisha kijiti chembamba cha chuma kando ya ufizi wa kushoto. Kilizama. Kilipotoka kilikuwa na damu, na nyuma ya damu usaha kidogo. Akamwonyesha picha ya pili. Kuzunguka mzizi, mahali ambapo mfupa ulipaswa kuwa mweupe, palikuwa na kivuli cheusi chenye umbo la bakuli, na bakuli hilo liliingia hadi karibu nusu ya mzizi.

"Lakini haliniumi," Urbain alisema. "Halichezi. Dokta, hili ndilo zuri."

"Ndio ubaya wake, Baba. Jino la kuzaliwa lina mshipa, likiugua linakuambia. Mzizi wa chuma hausemi. Mfupa unaliwa kidogo kidogo, na kile kilichobaki ndani kinaushika imara, mpaka siku kinapokwisha."

Alimweleza kwamba watafungua ufizi, wasafishe mzizi uchafu wote uliougandia, na wangoje. Huenda ukapona, huenda usipone. Kwa miezi mitatu asipulize tarumbeta.

"Pasaka ni mwezi ujao."

"Najua."

"Upande huu wa kushoto ni upi? Ni ule wa asidi, au ni ule wa kupakwa?"

"Sijui. Aliyeiweka hakuniambia na mimi sijataka kujua. Nitaambiwa nikishampima mtu wa mwisho."

Alimfanyia operesheni wiki iliyofuata. Siku ya Pasaka Yvette alipiga tarumbeta la kwanza. Urbain alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha karibu na mlango, lakini bendi ilipoanza alitoka, akawa anazunguka kanisa kwa nje, polepole, vidole vya mkono wa kulia vikibonyeza hewa sauti kwa sauti. Kwenye ubeti wa mwisho kulikuwa na mpando mrefu wa sauti ambao kwa miaka yote alikuwa ameuchukua yeye. Yvette aliuchukua vizuri. Urbain alisimama nyuma ya kanisa, mahali pa mapipa ya maji, mpaka wimbo ukaisha na sauti za watu zikatoka madirishani. Alipoingia alimpongeza Yvette akimshika mikono yote miwili, ingawa Yvette alikuwa amejiandaa kwa maneno mengine.

Ilikuwa katika mojawapo ya siku za kukaguliwa kidonda ndipo Kerubo alimwambia kuhusu shida yake mwenyewe. Theluthi nzima ya watu wa zamani walikuwa wamempotea.

"Si neno," Urbain alisema, mdomo ukiwa nusu wazi. "Uko na wengine. Meno yao yapo?"

"Karibu wote. Mwenzangu anayetunza orodha ya pande, bila kunitajia ya nani, anasema katika ile ya kupakwa hadi sasa haujatoka hata mmoja. Watu wangependa niandike hivyo nimalize." Alivua glovu. "Lakini aliyepoteza jino ana haja gani na mimi? Waliokuja ni wale walio na kitu cha kuonyesha. Nikiwahesabu hao peke yao, nitakuwa kama mtu aliyesimama mlangoni mwa kanisa, anahesabu walioingia, halafu anasema mji mzima unasali."

Urbain alifunga mdomo. Alikuwa anakiona kiganja cha Josias mbele ya mdomo wa Josias. Akajaribu kukumbuka ni lini kiganja hicho kilianza, na hakuweza. Tatu, nne, labda miaka mitano. Rafiki wa kula naye kila siku, na yeye, mtu ambaye ulimi wake haukuacha kuhesabu meno yake mwenyewe, hakuwahi kujiuliza.

Kesho yake hakungoja saa ya chakula ifike vizuri. Alimkuta Josias ndiyo kwanza anafungua kopo lake la wali.

"Toa mkono," alimwambia.

"Mkono gani?"

"Huo wa mdomoni. Josias, mimi ni ndugu yako. Toa."

Josias aliangalia barabara. Lori la makontena lilipita kuelekea bandarini, likatikisa ukingo waliokalia. Kisha akashusha mkono na kuinua mdomo wa juu kwa kidole. Upande wa kushoto palikuwa na pengo, na ufizi ulikuwa umeingia ndani kama shavu la mzee.

"Lilitoka lini?"

"Mwaka ule wa corona. Lilianza kuvuja, nikaenda kliniki. Kwenye geti wakaniambia utafiti umefungwa, yule mzee ameondoka, hakuna mtu wa kuniona. Nikawaambia nyinyi ndio mlioweka hiki kitu. Wakaniambia nirudi mambo yakifunguliwa. Nikasimama pale, uso umevimba hivi, watu wananipita. Siku ya tatu likatoka lenyewe, na mzizi wake, katika kitambaa." Akafunga kopo la wali. "Mimi ndiye nilikupeleka kule, unakumbuka? Ningekuambiaje? Wewe uko na tarumbeta lako, una furaha."

"Ungeniambia tu."

"Ili uanze kutembea tena?"

Urbain alitembea hata hivyo. Alikwenda mpaka geti la ghala lao, akarudi, akaenda, akarudi. Josias alimwacha, kama unavyomwacha mtoto amalize kulia. Mwishowe Urbain akachuchumaa mbele yake.

"Yule Mkenya anahesabu. Hadi sasa hesabu yake inasema hakuna jino la kupakwa lililotoka. Wewe hujulikani hata kama uko hai au umekufa. Likitoka kwako na hukusema, ni kana kwamba halikutoka."

"Na likijulikana, mimi napata nini?"

"Sijui," Urbain alikiri. "Pengine hakuna. Lakini kuna mtu mahali fulani atawekewa kesho, na ataambiwa hii haitoki."

Josias alifungua tena kopo la wali. Alihitaji siku kadhaa za kufikiri, na Urbain hakumpa hata moja ya amani. Alimpitia asubuhi na alimpitia jioni. Jumapili alikaa naye kanisani bila kutoka nje hata mara moja, jambo ambalo lilimshtua mhubiri kuliko amina zote. Mwishowe Josias alisema, "Bien. Nitaenda. Lakini nitamwambia yote, na wewe hutanikanyaga mguu."

Alimwambia yote. Alisimama mbele ya Kerubo bila kukubali kiti, akamsimulia habari za geti na uso uliovimba, kwa sauti ya chini iliyokuwa mbaya kuliko kelele. Urbain alisimama kwenye kona akitazama sakafu. Josias alipomaliza, Kerubo hakusema kwamba wakati ule hakuwepo, ingawa ilikuwa kweli.

"Tulikuwekea kitu mwilini, kisha tukakufungia mlango," alisema. "Haikuwa haki. Nakuomba radhi, Baba. Naomba pia unionyeshe."

Ndipo Josias alipokaa na kufungua mdomo.

Kupitia Josias walipatikana wengine wawili, kwa sababu watu waliofukuzwa mlango mmoja hujuana. Mmoja alikuwa na meno yake yote, ameyasahau tu. Wa pili, Cyprian, Mtanzania muuza simu, alikuwa amepoteza mzizi mmoja na akidhani ni kosa lake. Mwezi wa Julai, Kerubo alipohisi amefika mwisho wa wale anaoweza kuwapata, aliomba afunguliwe siri ya pande zote, akawaita Urbain na Josias kabla ya kumwambia mtu mwingine.

Mzizi uliomtoka Josias ulikuwa wa kupakwa. Ule wa kushoto wa Urbain, uliozungukwa na bakuli jeusi, ulikuwa wa asidi. Wa Cyprian ulikuwa wa kupakwa.

"Kwa hiyo upi ni mzuri?" Urbain aliuliza. Alikuwa amesimama tena.

"Kwa watu hawa wachache, mingi ya aina zote mbili bado ipo. Iliyotoka imetoka kwa aina zote. Kabla hamjaja, ningeandika kwamba ya kupakwa inashinda. Sasa siwezi."

"Miaka yote hii, na hakuna jibu."

"Hilo ndilo jibu, Baba Deborah. Kinachoonekana wazi zaidi ni kwamba walioachwa bila kutazamwa ndio walioumia zaidi, na hata hilo nitaliandika kwa uangalifu."

Urbain alitaka kitu cha kulaumu, aina moja au upande mmoja, aende nacho nyumbani. Alizunguka chumba akikitafuta. Bakuli lake jeusi lilikuwa halijaongezeka tangu operesheni, na Kerubo alikuwa amemruhusu apige robo saa kwa siku. Sauti ilikuwa imerudi nyembamba, na sauti za juu alimwachia Yvette, yeye akashika sauti ya pili. Hakuipenda. Lakini alikuwa anapiga, na Marie-Jeanne alisema kwamba kelele za mchanga zimepungua usiku, ingawa kinga ile ya mpira ilimfanya aongee kama mtu mwenye kiazi mdomoni.

Josias alikubali kuwekewa mzizi mpya. Kerubo alipomuuliza kama ana swali juu ya uso wa mzizi wenyewe, upakwe au usipakwe, Josias alitikisa kichwa.

"Weka huo ambao utakuja kuuangalia," alisema.

"Nitauangalia. Na nikiondoka mimi, nitakutambulisha kwa atakayebaki, ana kwa ana."

Walipotoka mvua nyepesi ya majira ya baridi ilikuwa inanyesha. Josias alifungua mwavuli, akageuka kumfunika mwenzake, akakuta yuko peke yake. Urbain alikuwa amerudi ndani. Sauti yake ilisikika kutoka juu ya ngazi, ikimuuliza Kerubo kuhusu Honoré, mmoja wa wagonjwa wa zamani waliompotea, aliyewahi kuendesha malori ya bandarini, kama kweli amemtafuta au amempigia simu tu, kwa sababu yeye anamjua shemeji yake, na shemeji huyo hakai mbali, na hata sasa hivi angeweza kwenda kwa miguu.